Boksi la Uzi Mwekundu

Binti wa fundi sofa alikuwa amelikalia boksi kwa uzito wake wote, na bado lilikuwa likimnyanyua.

Usimcheke. Wewe hujawahi kujaribu kuifungia springi ndani ya boksi la buti. Tena springi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilikuwa ile ya kiti cha katikati, inayobeba wanaume wanene miaka nenda rudi bila kuguna. Juu yake alikuwa ameshonea mwanasesere wa vitambaa mwenye gauni la maua, nywele za uzi mweusi zilizosimama ovyo, mdomo mpana wa kucheka, na begani mkoba mdogo kama kidole gumba. Atakayelifungua boksi, mwanasesere atamrukia usoni kabla hajajiandaa. Hivyo hasa ndivyo alivyotaka. Alitaka yule mwanamume ashtuke, aliangushe boksi, acheke mpaka akae chini. Halafu akishafuta machozi, afungue mkoba.

Ndani ya mkoba mlikuwa na kifungo cha koti.

"Unafanya nini hapo?"

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono kiunoni. Shangazi huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, na kazi ya kumchunga hakuwahi kuiacha hata binti alipoanza kumpita kimo.

"Napumzika, Shangazi."

"Juu ya boksi? Nyumba nzima sofa tupu, wewe unapumzika juu ya boksi?"

"Sofa ni za wateja."

"Haya, mwenye adabu. Inuka ukaoge. Wageni wanakuja leo saa kumi."

"Leo? Si mlisema Jumamosi?"

"Wamesogeza. Mama wa duka la dawa anasema haoni cha kungojea. Na mimi sikioni. Wewe unakiona?"

Binti akatikisa kichwa. Shangazi akamtazama kwa jicho la pembeni, akatazama boksi, akasikia baba mtu akimwita, akaondoka.

Alipobaki peke yake akabana pumzi, akakandamiza kifuniko kwa goti, akavuta uzi kutoka kwenye ukuta wa nyuzi na kulizungushia boksi mara mbili, kwa urefu na kwa upana. Hakutazama ni uzi gani aliouvuta. Mikono yake ilikuwa imefunga mizigo karakanani hapo tangu utotoni, ikajichagulia yenyewe. Kazi ambayo haijaisha ilifungwa uzi mweupe. Iliyokamilika ilifungwa mwekundu, na chochote chenye uzi mwekundu kiliruhusiwa kutoka. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baba yake, na haikuwa na mjadala.

Akalisukuma boksi chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kesho asubuhi angekwenda kununua nyuzi, na duka la nyuzi lilitazamana na posta.

Sasa nikwambie kifungo kile kilikotoka, ili usije ukamwona binti huyu kigeugeu.

Alikuwapo fundi mmoja pale karakanani, kijana mrefu hata taa ilikuwa ikimgonga kichwa. Walimwita Futi, kwa sababu ya urefu, na kwa sababu hakuweza kuona kitu bila kukipima. Yeye naye akampa binti wa bosi jina la Springi, akisema hajawahi kumwona akikaa kitako hata mara moja. Walianza kwa kutaniana, wakaishia kutazamana. Ukikata kitambaa na mtu anakushikia ncha ya pili, macho hayana pa kwenda ila kwake.

Futi hakuwa mtu wa kujificha. Alikwenda kwa mzee, akasema shida yake akiwa amesimama wima, koti la kazi mwilini. Mzee akamjibu kwa sentensi moja tu: "Nimekupa nyundo, sasa unataka na binti?" Futi akavua koti, akalitundika kwenye msumari karibu na mlango, akakwanyua kifungo kimoja. Akampa Springi mbele ya baba yake.

"Siku ukiamua, nirudishie hiki," alisema. "Simu usinipigie. Kwenye simu umenipa kesho nyingi mno. Nitumie kitu nikishike."

Akaenda kufanya kazi mji mwingine. Koti likabaki pale pale msumarini, maana mzee alikataza mtu yeyote asiliguse. Kwa nini, hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Na kwa nini binti alikaa na kifungo kile mwaka mzima? Kwa sababu ya vidole vya baba yake. Vidole vile vilivyotengeneza sofa za nusu ya mji vilikuwa vimekakamaa, vikawa haviwezi tena kushika mkasi. Baba alichora, binti akakata. Baba akielekeza, binti alishona. Angeondokaje? Kila usiku alikata shauri la kwenda, na kila asubuhi alimwona baba yake akihangaika na vifungo vya shati, shauri likavunjika.

Ndipo akatokea Mfamasia, jirani wa nyuma, mwenye duka la dawa. Mtu mpole, msafi, asiye na neno na mtu. Mzee alipoletewa posa yake alichukua kipande cha chaki, akasimama mbele ya ukuta wa nyuma wa karakana, akachora mstatili mrefu.

"Hapa tutatoboa mlango," alimwambia binti yake, na sauti yake ilikuwa na furaha kabisa. "Utalala upande ule, utashinda upande huu. Hakuna kitakachobadilika, mwanangu."

Tangu siku ile, kila alipoinua macho kutoka kwenye kitambaa aliuona mlango ule wa chaki, akayainamisha tena. Hata lawama hakuwa na wa kumtupia. Mwanamume mwenyewe mzuri, baba anampenda, Shangazi amefurahi. Alikuwa amefungiwa ndani na watu wanaomtakia mema, na hao hawapigiwi kelele. Juma lililopita akasikia kwamba Futi amepata mkataba wa miaka mingi kiwandani, mbali zaidi, na mwisho wa mwezi anasaini. Akatafuta springi, akaanza kushona mwanasesere.

Alipotoka kuoga, nywele bado zinadondoka maji, alipita karakanani kuhakikisha boksi lake. Akainama chini ya meza. Hapakuwa na kitu.

Akatafuta nyuma ya sponji, chini ya mbao, kwenye mapipa ya gundi. Shangazi akachungulia mlangoni.

"Shangazi, kulikuwa na boksi hapa."

"Lile lenye uzi mwekundu? Limekwenda na sofa."

"Sofa gani?"

"Unauliza sofa gani, na wewe ndiye uliyeikata? Sofa ya wakwe zako. Wachukuzi wamekuja, baba yako kasema wape kila chenye uzi mwekundu. Nikajua ndiyo miguu ya sofa." Shangazi akamkazia macho. "Mbona umekuwa kama umemwagiwa maji?"

"Niende nikalichukue."

"Uende wapi? Kichwa maji, kanga kifuani, ukabishe hodi kwa wakwe saa moja kabla hawajaja? Miguu ya sofa itakimbilia wapi? Nenda kavae."

Akavaa. Alivaa kama mtu anayemvalisha mwenzake.

Saa kumi juu ya alama wageni waliingia. Mama wa duka la dawa alitangulia, mwanamke mnene, mchangamfu, anayeongea huku akitafuta pa kukaa. Mfamasia alimfuata nyuma, shati limenyooshwa, na mikononi mwake alikuwa amebeba boksi la uzi mwekundu.

Alikuwa amelishika kwa uangalifu, kama keki.

"Shikamoo, mama," binti alisema, na macho hayakutoka kwenye boksi.

"Marahaba, mkwe wangu. Njoo ukae hapa karibu yangu. Fundi, sofa imefika, nimeikalia nikakataa kuinuka. Lakini tumekuta na hili. Huyu kijana wako anasema ni miguu ya ziada, mimi nikamwambia miguu gani inayocheka? Ukilitikisa, kuna kitu kinachekacheka humu. Nikasema hii ni zawadi ya bibi harusi, tukaifungue mbele yake."

"Mama, si ..." binti alianza.

"Anaona haya," Shangazi alisema, na chini ya meza akamfinya paja.

Mzee aliomba apewe boksi. Akaliweka sikioni, akaliinamisha kidogo. Alisikiliza kama daktari.

"Kuna springi humu," alisema polepole. "Ya kiti cha katikati." Kisha akamtazama binti yake. "Ulikuwa unatengeneza nini?"

"Kitu cha mzaha tu, baba."

"Mzaha wa nani?"

Kabla hajajibu, Mama wa duka la dawa alikwisha kulichukua boksi, akalipakata na kuvuta fundo. Binti alinyoosha mkono, ukaishia hewani. Uzi ulilegea, kifuniko kikaruka, na mwanasesere akachomoka mzimamzima mpaka usawa wa pua ya mama yule.

"Mama yangu weee!"

Kikombe cha chai kikapinduka. Mfamasia akamdaka mama yake begani. Halafu kicheko kikalipuka, mama mwenyewe akicheka kuliko wote, mkono kifuani, machozi yanamtoka. Mwanasesere naye alikuwa bado anayumba juu ya springi, mbele nyuma, mbele nyuma, kichwa kikimwitikia kila aliyekuwapo chumbani.

"Mtazameni, anaitikia," alisema mama yule. "Tumekuja kuuliza neno, hata hatujauliza, mwenzetu ameshajibu. Na mkoba begani. Ameshafungasha huyu. Fundi, una binti mcheshi namna hii ukatuficha?"

Na baba akatabasamu. Binti hakuwa ameliona tabasamu lile kwa muda mrefu. Lilimpunguzia uzee, likamrudisha yule baba aliyekuwa akimrusha juu ya sponji mpya ili amsikie akicheka. Shangazi alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kanga. Chumba kizima kilikuwa na furaha, na furaha yote imetoka kwenye mikono yake mwenyewe. Ile 'ndiyo' yake aliyoitafuta mwaka mzima ilikuwa imesemwa kwa mtu mwingine, na imepokelewa.

Mfamasia alimtazama. Uso wake ulikuwa umeiva kwa haya.

"Nilidhani hunitaki," alisema kwa sauti ya chini. "Kila nikipita dirishani unatazama chini. Nilimwambia mama tuje leo ili kama ni hapana, niisikie mapema. Kumbe ulikuwa unashona hiki."

Angemwambia nini? Laiti mwanamume huyu angekuwa mtu mbaya. Akayatazama maua ya gauni la mwanasesere.

"Na humu mna nini?" Mfamasia akaufungua mkoba kwa ncha za vidole, akatoa kifungo. Kilikuwa kikubwa, cha kahawia, kimechakaa ukingoni. "Hiki nacho kinasemaje?"

Tabasamu la baba likafifia.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Kutoka alipoketi, mzee aliuona msumari, na koti, na pengo katikati ya safu ya vifungo vyake. Binti alimwona akilitazama, kisha akakirudia kifungo. Wakatazamana, baba na mwana, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake anajua.

"Nipe nikione," mzee alisema. Akakipokea, akakigeuza kwa vidole vyake vigumu. Akakohoa. "Ni kifungo cha sofa. Tukimaliza kazi huwa tunampa mwenye nyumba kimoja cha akiba. Kikidondoka kimoja, asihangaike."

"Ahaa," alisema Mama wa duka la dawa, akaridhika. "Hii ndiyo kazi ya mtu anayejua kazi."

Basi likawa limekwisha. Baba alikuwa amelifunika, tena vizuri. Kilichobaki kwa binti ni kunyamaza tu, na kunyamaza alikuwa amekuzoea. Angenyamaza leo, angenyamaza harusini, angenyamaza asubuhi akipita kwenye mlango wa chaki kuja kushika mkasi, na jioni akirudi. Mwisho wa mwezi Futi angesaini karatasi za watu, akidhani hakuna aliyemkumbuka. Mwanasesere alikuwa bado anaitikia, polepole sasa.

"Baba," alisema. "Kifungo cha sofa hakina matundu."

Mzee akakigeuza kifungo tena.

"Wewe ndiye uliyenifundisha. Cha sofa kina kitanzi mgongoni, usoni hakitobolewi. Ukinikuta nimevichanganya ulikuwa unanifumulisha kazi yote." Akakinyooshea kidole. "Hicho kina matundu manne. Ni cha koti."

"Koti la nani?" aliuliza Mfamasia.

"La mtu ambaye boksi hili ni lake. Lilikuwa liende posta. Nililifunga kwa uzi mwekundu bila kujua, Shangazi akawapa wachukuzi." Akamgeukia. "Nisamehe. Wewe hujanikosea kitu, na ndiyo maana nimeshindwa kusema siku zote hizi. Ningekupata hata na kosa dogo ningesema."

Mama wa duka la dawa alikuwa ameshasimama. "Fundi, tumeitwa humu kuja kuchekwa?"

"Mama, twende," alisema Mfamasia. Alichukua kifungo kutoka mkononi mwa mzee, akakirudisha ndani ya mkoba, akaufunga vizuri. Mikono yake ilitulia wakati wote ule, lakini masikio yalikuwa mekundu. Mlangoni akageuka. "Heri nimejua kabla hatujavunja ukuta," alisema, na akajitahidi kutabasamu.

Shangazi aliwasindikiza mbio mbio, akiomba radhi mpaka barabarani. Sauti yake ikawa ndogo, ikapotea. Chumbani wakabaki wawili, na chai iliyomwagika, na mwanasesere.

Mzee akakiinua kikombe kilichopinduka.

"Nani atanikatia vitambaa?"

"Sijui, baba."

"Nilikuchorea mlango."

"Nimeuona. Nikikata nauona, nikishona nauona. Ule haukuwa mlango wa kutokea, baba. Ulikuwa wa kunirudisha." Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Mimi ningekuja kukuona hata bila mlango. Ningekuja kwa sababu nimekukumbuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Siku ile aliposimama hapa nilikuambia, na jioni nikakuambia tena. Ulisema vidole vinakuuma."

Mzee akavitazama vidole vyake kana kwamba navyo vina la kujibu. Kisha akalivuta boksi, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mwanasesere na kukisukuma chini. Kikamshinda. Akajaribu kwa kiwiko. Binti akanyoosha mikono kumsaidia.

"Shika kifuniko tu," baba alisema. "Mafundo nafunga mwenyewe. Haya yako ni mabaya, mpaka mwanamke wa watu kayafungua kwa kidole kimoja. Posta wanarusha mizigo wale. Springi hii ingemtokea mtu njiani."

"Baba ..."

"Sijasema ndiyo. Nimesema mafundo ni mabaya."

Akaenda karakanani kwa mwendo wake wa kuchechemea, akasimama mbele ya nyuzi, mweupe na mwekundu. Hakugeuka.

"Uzi gani?"

Binti aliuelewa mtego wa swali lile. Akautazama mgongo wa baba yake, mabega yaliyokuwa mapana zamani.

"Mwekundu, baba. Kazi imekamilika."

Mzee alivuta uzi mwekundu. Alirudi, akaketi, akaanza kufunga. Ilimchukua muda. Mara mbili uzi ulimponyoka, mara moja akatumia meno, na kila mkono wa binti ulipotaka kwenda kumsaidia aliurudisha. Fundo lilipokaza, mzee alilivuta kulijaribu, halikusogea. Akalisukuma boksi mezani mpaka likamgusa binti yake kifuani.

"Koti lake lile linanizibia msumari," alisema, akitazama pembeni. "Boksi likishamfikia, mpigie simu. Mwambie aje alitundue mwenyewe, na aje na wazazi wake. Apite mlango wa mbele."